Jua Letu na Kinga ya Mtoto: Vitamini D Hufanya Nini na Haifanyi Nini

Haya ni maelezo ya afisa wa lishe wa kaunti kwa wazazi, walezi na wahudumu wa afya ya jamii. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

  Naona akina mama wengi wamekuja na watoto mgongoni, na hao hasa ndio ninaotaka kuwazungumzia.

Nimeombwa nieleze kuhusu vitamini D na kinga ya mwili. Tangu wakati wa korona, vitamini hii imezungumzwa sana. Katika mazungumzo hayo kuna ukweli, na kuna chumvi nyingi pia. Wako watu wazima wanaonunua vidonge kila mwezi ilhali hawavihitaji. Na wako watoto wachanga wanaohitaji vitamini hii ambao hawajawahi kupewa hata tone moja. Ningependa tuondoke hapa tukijua tofauti ya hao wawili.

Neno langu kuu nitalisema mapema, ili hata anayelazimika kuondoka kabla sijamaliza aende nalo. Vitamini D ni ya lazima kwa kinga ya mwili, na anayeikosa huumia. Lakini aliye nayo ya kutosha haongezi kinga yake kwa kumeza zaidi. Ni kama kujaza mtungi. Mtungi mkavu ukiutia maji, nyumba nzima inanufaika. Mtungi uliojaa ukiuongeza, maji yanamwagika sakafuni na mtu anaweza kuteleza. Kazi yetu katika kaunti hii ni kuitafuta mitungi mikavu.

Vitamini hii inatoka wapi?

Vitamini nyingi tunazipata kwenye chakula. Vitamini D ni tofauti, kwa kuwa sehemu kubwa yake mwili huitengeneza wenyewe. Katika ngozi yetu kuna aina ya mafuta ambayo yakipigwa na miale fulani ya jua hubadilika na kuwa vitamini D. Kutoka kwenye ngozi, vitamini hiyo hupelekwa na damu hadi kwenye ini, kisha kwenye figo, na huko ndiko inakogeuzwa kuwa katika hali ambayo mwili unaweza kuitumia.

Chakula nacho huchangia, ingawa si kwa wingi. Samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini vina vitamini D. Ugali, wali, maharagwe na sukuma wiki vina faida zake kubwa, lakini havina vitamini D ya kutegemewa. Wengi hudhani kuwa unga wa dukani wenye alama ya kuongezewa virutubisho una kila kitu. Sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe vitamini A, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki. Vitamini D haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo kwa familia nyingi hapa kwetu, jua ndilo linaloleta sehemu kubwa.

Kazi yake katika kinga ya mwili

Tumezoea kusikia kuwa vitamini D ni ya mifupa, na ni kweli. Bila hiyo, mwili hauwezi kufyonza vizuri madini ya kalsiamu kutoka kwenye maziwa na chakula kingine. Lakini katika miaka ya karibuni wanasayansi wameonyesha kuwa hata chembechembe nyeupe za damu, zile ambazo ni walinzi wa mwili, zina mahali maalumu pa kuipokea vitamini hii.

Mwaka wa 2006, watafiti nchini Marekani walichapisha kazi iliyoeleza jambo hili vizuri. Walichunguza chembechembe za damu zinazomeza vijidudu, wakaona kwamba zikikutana na mdudu wa kifua kikuu, huichukua vitamini D iliyo katika damu na kuitumia kutengeneza dawa yao ya asili ya kumuua mdudu huyo. Kisha wakatumia maji ya damu ya Wamarekani weusi waliokuwa na upungufu wa vitamini D. Dawa ile ya asili ikatengenezwa kidogo. Walipoongeza vitamini D, ikatengenezwa zaidi.

Vitamini D ina kazi ya pili pia. Husaidia kutuliza kinga ili isipite kiasi, kwa maana walinzi wakipigana bila mpango huweza kubomoa nyumba yao wenyewe. Kwa hiyo mtu anayekosa vitamini hii ana walinzi ambao silaha zao ni chache na mpango wao ni dhaifu.

Matege na nimonia

Sasa nije kwenye jambo linalotuuma zaidi. Nimonia bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka mitano nchini Kenya. Na kuna ugonjwa mwingine ambao wengi wetu tunauona kuwa wa miguu tu. Huo ni matege.

Mtoto mwenye matege hana miguu iliyopinda peke yake. Mbavu zake ni laini na misuli yake ni dhaifu. Akipata mafua yakashuka kifuani, hawezi kukohoa kwa nguvu na kutoa makohozi. Kifua chake hakipanuki inavyotakiwa. Na ikiwa matege yake yanatokana na upungufu wa vitamini D, walinzi wa damu yake nao wamepungukiwa silaha. Mambo haya matatu yakikutana, ugonjwa ambao mtoto mwingine angeupita kwa siku chache humlaza huyu hospitalini.

Jirani zetu wa Ethiopia walilionyesha hili kwa hesabu. Katika utafiti uliofanywa Addis Ababa na kuchapishwa mwaka wa 1997, madaktari waliwalinganisha watoto 500 waliolazwa kwa nimonia na watoto 500 wasiokuwa na nimonia. Kati ya wale wenye nimonia, 210 walikuwa na dalili za matege. Kati ya wale wengine, walikuwa 20 tu. Addis Ababa si mji wa theluji. Ni mji wa Afrika wenye jua, kama miji yetu.

Hapa Kenya pia, watafiti waliochunguza watoto katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi walikuta kuwa upungufu wa vitamini D unasababisha matege, na kwamba huandamana na utapiamlo. Kwa hiyo tusiseme kuwa haya ni mambo ya Ulaya.

Jua tunalo, mbona tukose?

Swali hili huulizwa kila mahali, na ni swali zuri. Kenya imekatwa na ikweta. Jua letu lina miale inayofaa mwaka mzima, tofauti na nchi za kaskazini ambako wakati wa baridi miale hiyo karibu hutoweka kwa miezi. Mbona basi mtoto wetu apungukiwe?

Mwaka wa 2020, kundi la watafiti likiongozwa na Reagan Mogire wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi lilikusanya pamoja tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika, zenye watu zaidi ya 21,000. Takriban mtu 1 kati ya 3 alikuwa chini ya kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa cha kutosha. Wakaaji wa mijini walikuwa na kiwango cha chini kuliko wa mashambani, wanawake chini ya wanaume, na watoto wanaozaliwa chini ya mama zao.

Mwaka uliofuata, utafiti mwingine uliopima watoto wadogo zaidi ya 4,500 kutoka Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini ulikuta kuwa walio chini ya kiwango hicho hawakufika 1 kati ya 10. Ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja, jibu linaonekana. Watoto wetu wengi, wale wanaocheza uani na kukimbia njiani, wako sawa. Jua liko, na linawafikia. Tatizo ni wale ambao haliwafikii.

Hawa ndio nataka tuwatafute:

Wa kwanza ni mtoto mchanga anayefungiwa ndani. Mila zetu nyingi humficha mtoto kwa wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, ili asipigwe na baridi wala kutazamwa na macho mabaya. Sikuja kudharau mila. Nia yake ni kumlinda mtoto. Lakini wiki zile zikigeuka miezi, na mtoto akitolewa nje amefunikwa blanketi mpaka usoni, ngozi yake haioni jua.

Wa pili ni mtoto anayezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo. Akiba ambayo angeichukua tumboni mwa mama hakuimaliza kuichukua.

Wa tatu ni mtoto wa ploti na wa magorofa ya kupanga. Chumba ni kimoja, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na mama akienda kazini mtoto hubaki kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, ndani, na watoto wengine kumi. Anaweza kumaliza wiki nzima bila kuguswa na jua.

Wa nne ni mama mwenyewe, hasa mjamzito au anayenyonyesha, ambaye hufanya kazi ndani siku nzima au hujisitiri mwili wote kwa sababu ya dini. Akipungukiwa yeye, mtoto huzaliwa akiwa amepungukiwa. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote kwa mtoto, na kwa miezi sita ya kwanza hahitaji kingine, hata maji. Lakini ni vizuri tujue kuwa maziwa hayo huwa na vitamini D kidogo. Kasoro hiyo haiondolewi kwa kuacha kunyonyesha. Huondolewa kwa jua au kwa matone.

Wa tano ni mzee asiyetoka kitandani, na mgonjwa anayetumia dawa za kifafa au za kifua kikuu kwa muda mrefu. Baadhi ya dawa hizo huifanya vitamini D iishe mwilini haraka. Msiache dawa hata siku moja kwa sababu hiyo. Mwambieni mhudumu kliniki, aangalie kama mnahitaji nyongeza.

Vidonge vina mpaka wake

Sasa niseme na wale wa upande wa pili, wanaoamini kuwa vitamini D inazuia kila ugonjwa. Tuwe wakweli, kwa sababu pesa za watu zinapotea na, baya zaidi, wako wanaoacha chanjo wakitegemea vidonge.

Kabla ya dawa za kifua kikuu kupatikana, wagonjwa huko Ulaya walikuwa wakilazwa juani na kupewa mafuta ya ini la samaki. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Lakini kilichogeuza ugonjwa huo ukawa wa kupona ni dawa za kuua vijidudu, zilizoanza kupatikana katika miaka ya 1940. Jua lilikuwa msaidizi.

Swali likabaki: je, vitamini D inaweza kumzuia mtoto asiambukizwe kifua kikuu? Nchini Mongolia, watoto wa shule 8,851 walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Karibu wote walikuwa na upungufu. Nusu walipewa vitamini D kila wiki, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020. Walioambukizwa katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 3.6, na katika kundi la pili asilimia 3.3. Hapakuwa na tofauti ya maana.

Kule Kabul, Afghanistan, watoto wachanga zaidi ya 3,000 walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2012. Kundi moja lilipewa dozi kubwa ya vitamini D kila baada ya miezi mitatu. Nimonia haikupungua.

Na kuhusu mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa, uchambuzi wa majaribio 25 uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa vitamini D ilisaidia kidogo, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na upungufu mkubwa na waliopewa dozi ndogo ndogo kila siku au kila wiki. Dozi kubwa za mara moja hazikusaidia. Uchambuzi mpya wa mwaka wa 2025, wenye washiriki zaidi ya 60,000, haukupata faida iliyo wazi kwa watu kwa jumla.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, vitamini D haichukui nafasi ya chanjo wala dawa. Chanjo ya kifua kikuu mtoto huipata anapozaliwa. Chanjo ya kuzuia aina hatari ya nimonia imekuwa ikitolewa Kenya tangu mwaka wa 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Zote ni bure katika vituo vya serikali. Pili, kumwagia dozi kubwa mara moja si sawa na kupata kiasi kidogo kila siku. Na tatu, hakuna hata moja kati ya tafiti hizi linalosema matege ya mtoto yaachwe bila kutibiwa. Mtungi mkavu ni lazima utiwe maji.

Tufanye nini nyumbani?

Tuanze na jua, kwa kuwa halina risiti. Mtoto mchanga mwenye afya anaweza kutolewa nje kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi. Mvue nguo za mikono na miguu, kofia au kivuli kikinge macho na uso, umkalie karibu. Anza na dakika chache, kisha uongeze polepole hadi kama robo saa, siku nyingi za wiki. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, lakini hata ngozi nyeusi ya mtoto inaweza kuungua, kwa hiyo usimwache juani ukaenda kufua. Ngozi ikianza kuwa moto au mtoto akilia kwa joto, mrudishe kivulini.

Wengi hutoa watoto saa moja asubuhi, jua likiwa bado changa. Jua hilo ni zuri kwa kuota, ila miale inayotengeneza vitamini D ni michache wakati huo. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu sana kukupita, miale hiyo ni kidogo. Kikikaribia urefu wako, jua linafanya kazi. Jua la saa sita ni kali mno kwa mtoto mdogo. Na jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huzuia miale hiyo hata kama chumba kina joto.

Mama anayejisitiri hahitaji kuacha mavazi yake. Akipata faragha nyumbani, uani au kwenye roshani, anaweza kuachia mikono na miguu jua kwa muda mfupi. Asipoweza, amwambie mhudumu wa kliniki.

Mkulima, mchuuzi, mwanaboda na wote mnaoshinda nje, ninyi mnalo la kutosha. Vaeni kofia.

Naomba mnisikilize sana hapa: watu wenye ualbino wasiote jua kwa sababu ya vitamini D. Kwao hatari ya saratani ya ngozi ni kubwa. Waendelee kujifunika, kuvaa kofia pana na kupaka mafuta ya kukinga jua, ambayo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huyatoa bila malipo kupitia hospitali za umma. Vitamini D yao itoke kwenye chakula na matone.

Tukija kwenye chakula, jua peke yake halijengi mifupa. Utafiti uliofanywa Nigeria miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto wengi wenye matege kule walikosa kalsiamu, na walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko walipopewa vitamini D pekee. Mtoto anayekunywa uji wa mahindi mtupu kutwa nzima yuko katika hatari hiyo. Baada ya miezi sita, mpeni maziwa au maziwa lala, yai, samaki, na omena waliosagwa na kuchanganywa kwenye uji au ugali. Omena huliwa wazima na mifupa yake, kwa hiyo hutoa kalsiamu kwa bei ambayo familia nyingi zinaweza kumudu. Ongezeni mboga za kienyeji kama managu na terere.

Kuhusu matone, wataalamu wa watoto kutoka nchi nyingi walikubaliana mwaka wa 2016 kwamba watoto wote wapewe yuniti 400 za vitamini D kwa siku katika mwaka wa kwanza. Hapa kwetu, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huandikiwa nyongeza hospitalini, na mzazi hapaswi kuikatiza akifika nyumbani. Kwa mtoto mwingine ambaye hafikiwi na jua, ulizeni kliniki.

Mkiyanunua, someni chupa. Kuna chupa ambayo tone moja tu lina yuniti 400, na kuna nyingine ambayo kiasi hicho hupatikana katika mililita nzima. Mzazi akibadilisha chupa na kuendelea na kipimo cha zamani, anaweza kumpa mtoto mara nyingi zaidi ya kinachotakiwa. Vitamini D ikizidi hubaki mwilini, hupandisha kalsiamu kwenye damu, na huleta kutapika, kiu, kufunga choo na madhara ya figo. Msikubali pia kudungwa sindano ya vitamini bila mhudumu kueleza ni ya nini na kuiandika.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, vidonge vinavyokatwa ncha na kutonwa mdomoni mwa mtoto kila miezi sita si vitamini D? Hapana. Hiyo ni vitamini A, na hutolewa kuanzia miezi sita hadi mtoto akaribie miaka mitano, hasa wakati wa Malezi Bora mwezi wa Mei na Novemba. Ni muhimu, msiikose. Lakini haifanyi kazi ya vitamini D.

Je, kila mtu apimwe damu? Hapana. Kipimo hicho ni cha gharama, na kwa mtu mwenye afya anayetoka nje hakina haja. Daktari atakiomba akiwa na sababu.

Nitajuaje mtoto wangu ana matege? Miguu ya mtoto anayeanza kutembea huweza kupinda kidogo na kunyooka yenyewe. Lakini mpeleke kituo cha afya ukiona kifundo cha mkono kimevimba na kuwa kipana, vinundu mbavuni kama shanga, utosi uliochelewa kufunga, meno au kutembea kuchelewa, miguu inayozidi kupinda, au mtoto anayelia akishikwa. Mtoto mchanga anayepata degedege apelekwe hospitalini mara moja, kwa maana kushuka kwa kalsiamu ni mojawapo ya sababu.

Matege hupona? Ndiyo, na mapema ndiyo bora. Mtoto mdogo akianza matibabu kwa wakati, mifupa mara nyingi hunyooka bila upasuaji. Kumfunga vijiti au kumkanda miguu hakutibu.

Na kama ana kifua? Usiseme utamtoa juani kwanza. Mtoto anayepumua haraka, ambaye sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au kunywa, au anayelegea, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Ombi langu kwenu

Wahudumu wa afya ya jamii, mnapotembelea nyumba, ongezeni maswali mawili tu: mtoto huyu hutoka nje? Na anakula nini? Mkikuta mtoto anayefungiwa ndani, au mwenye dalili nilizotaja, mpeni rufaa siku hiyo.

Wenye vituo vya kulelea watoto mchana, tengeni muda wa asubuhi watoto wote watoke uani. Wenye ploti, acheni nafasi ya watoto kukaa juani, msiijaze yote matangi na kamba za nguo.

Akina baba, mara nyingi mama huambiwa haya kliniki, akifika nyumbani anakatazwa kumtoa mtoto. Mkirudi leo, mwe ninyi wa kwanza kumfungulia mlango.

Na mzazi yeyote mwenye mtoto chini ya miaka mitano, njoo na kijitabu cha mama na mtoto kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Apimwe uzito na urefu, chanjo zikaguliwe, na umwombe mhudumu aangalie vifundo vya mikono, mbavu na miguu. Ni kazi ya dakika chache.